Yule Mwanamke Anayecheka Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mama Saluni ameniita asubuhi na kuniambia, huku akimsuka mteja, kwamba ukuta wake wa nje unabadilishwa. Anataka bango la plastiki lililochapwa kwa mashine. Litafungwa Jumamosi. Nikajifanya sijali. Nikazunguka nyuma ya duka la matairi, nikakaa chini.

Kwenye ukuta ule yupo mke wangu. Nilimchora mwenyewe akiwa hai, amekaa juu ya kopo la rangi, ananicheka kwa sababu nilikuwa nimejipaka rangi masikioni bila kujua. Miaka sita sasa tangu afariki. Picha za harusi zilioza mafuriko yalipoingia ndani. Niliwahi kujaribu kumchora upya kwenye ubao, akatoka kama mjomba wake. Kwa hiyo ni ukuta ule, basi. Binti yangu hupita pale kila asubuhi akienda shule na humwamkia. Shikamoo mama, kisha anakimbia. Mama yake alipoondoka alikuwa mdogo mno. Uso mwingine wa kumkumbukia hana.

Mtaa mzima unaelekezana kwa mke wangu. Ukifika kwa yule mwanamke anayecheka, kata kushoto. Leo mtu ananiletea habari za plastiki!

Jumanne, 4 Machi

Mchapaji wa mabango amekuja kupima ukuta. Mimi namwita Bwana Kung'aa, kwa viatu vyake. Kaniita mzee! Mvi ninazo chache tu, na nyingine ni rangi ya dari.

Kasema amesikia habari za marehemu, amesikitika sana. Yuko tayari kuipiga ile picha kwa simu yake, aichape bure, niiweke ndani. Ujanja mtupu. Anataka nimshukuru ili nisimpinge. Nimemwambia akithubutu kuelekeza simu yake pale, hatutaelewana. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Simu yangu ya tochi inanitosha, na mpango ninao.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: nimemwambia Mama Saluni kwamba tatizo si picha, ni nywele. Mtindo umepitwa na wakati. Nitambadilishia bure, na wateja wakipenda, ukuta ubaki. Akacheka, akasema haya fundi, jaribu.

Nimemwekea rasta ndefu za kahawia. Uso sikuugusa hata nukta. Binti akitoka shule alisimama akatazama. Kasema mama amependeza, ila anaonekana kama anakwenda kwenye harusi ya watu asiowajua. Nikamwambia ndiyo mambo ya kisasa. Jioni amekwenda kwa bibi yake. Shule imefungwa mpaka Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Kung'aa kaleta sampuli. Msichana wa plastiki: nyusi kama zimepigwa rula, meno meupe mpaka yanaumiza macho, ngozi haina hata chunusi ya kusingiziwa. Wateja walitoka nje na mapovu kichwani kumshangaa. Mama Saluni akasema mke wangu, Mungu amrehemu, akiwa karibu na yule anaonekana amechoka.

Amechoka! Alikuwa na mimba ya huyu binti siku ile.

Nimempunguzia uchovu. Nyusi kwanza. Halafu ngozi, kidogo. Halafu lile jino lililompanda mwenzake, nikalinyoosha, maana nilikuwa nimeshika brashi tayari. Mama Saluni katikisa kichwa, kasema afadhali sasa. Nasonga mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga hodi ofisi ya utamaduni. Nilitegemea kufukuzwa. Afisa utamaduni mwenyewe akachukua kofia, tukaongozana! Alisimama mbele ya ukuta akatuhutubia, mimi, Mama Saluni na mbuzi mmoja. Sanaa ni kioo cha jamii. Jamii isiyotunza sanaa yake inatembea gizani. Machozi yalinitoka. Nikamtazama Bwana Kung'aa aliyekuwa juu ya ngazi, nione kama maneno yanamwingia.

Kisha afisa akasema picha inaweza kulindwa, lakini lazima ielimishe. Mwanamke anacheka, sawa, lakini anacheka nini? Mwananchi atajifunza nini hapo? Akashauri afumbe mdomo, ashike kitabu, atazame mbele, kwenye maendeleo. Nikauliza maendeleo yako upande gani. Akaonyesha upande wa ofisini kwake.

Nimefanya kazi hiyo mchana kutwa. Kile kicheko kilikuwa kigumu kufunika. Rangi ikikauka tu, kinachungulia. Nikapaka mara ya pili, halafu ya tatu.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Bango limefungwa juu ya mlango. Ukuta ni wangu! Mama Saluni kasema amefurahi, picha sasa ina heshima. Bwana Kung'aa kanipa mkono, nami nikaubana mpaka akakunja uso.

Nikanunua soda, nikainywa nimesimama mbele ya ukuta ili watu waulize. Hakuna aliyeuliza. Mwendesha pikipiki mmoja alipita, akarudi, akapita tena. Anamtafuta yule mwanamke anayecheka, akate kushoto. Nikamwambia ndiye huyu. Akadhani namfanyia mzaha, akaondoka amenuna.

Jumatatu, 10 Machi

Nilijibanza kwenye duka la matairi nimsikie binti akiamkia. Amekuja na begi lake mgongoni. Amefika. Amepita.

Nikamwita. Akarudi mbio, akasimama na mgongo wake ukiwa umeuelekea ukuta, akaniuliza:

"Baba, mama wamemhamishia wapi?"

Nikamwonyesha. Alitazama sana. Akasema huyo ni mwalimu. Nikamweleza kuhusu nywele, nyusi, kitabu na maendeleo. Nikamwambia nimemwokoa. Mabega yalianza kumcheza, akawa analia bila sauti, vile vile alivyokuwa akilia mama yake. Nikataka kumshika, akaenda zake shule kwa njia nyingine.

Sijala.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe amekuja. Nilimwamkia, hakuitikia. Alisimama mbele ya ukuta ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kisha akasema mwanawe alimzika mara moja, hakujua kwamba ataitwa kumzika tena.

Nimechukua msasa. Nimesugua kitabu, mdomo, nyusi, mpaka nikafika kwenye saruji. Chini hakuna mtu. Nikaanza kumchora upya. Nikifumba macho namwona kabisa, mpaka masikio yangu yanawaka kwa kuchekwa. Nikifumbua, mkono haujui pa kwenda. Nimekaa chini nikalia mbele ya wateja. Mama Saluni kanifunika taulo.

Halafu nikameza kiburi, nikaenda kwa Bwana Kung'aa. Nikamwuliza kama labda, kwa bahati tu, alipiga ile picha kwa siri. Sitakasirika, nikamwambia. Akasema hapana mzee, ulinikataza, nikakuheshimu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Vijana wa siku hizi na heshima zao!

Ijumaa, 14 Machi

Muujiza! Nimeingia kufagia chumbani kwa binti, nikakutana naye. Mke wangu! Karatasi ya daftari, penseli tupu, imebandikwa kwa uji juu ya kitanda. Kumbe siku zote hizi amekuwa akichora, bibi yake akimwelekeza. Kile kicheko chenyewe. Jino limempanda mwenzake. Hata uchovu upo. Nilikaa kitandani nikalia mpaka nikachoka, nikamwomba mke wangu msamaha kwa sauti, ufagio mkononi.

Kidevu tu ndicho kimekwenda upande. Si kosa la mtoto, hajafundishwa vipimo vya uso. Penseli na kifutio vilikuwa pale pale mezani. Nimefuta kidogo sana, nikakinyoosha. Mdomo ukawa hauendani na kidevu, nikaurekebisha nao.

Amekwenda kuteka maji. Namsubiri hapa mlangoni aje aone nilivyomsaidia.