Sensa ya Wageni Wenye Mabawa

Taifa lilikuwa limepata bahati kubwa, ila lilikuwa halijaarifiwa. Rwehumbiza, Mwenyekiti wa Kamati ya Sensa ya Wageni Wenye Mabawa, aliliarifu kwa kipaza sauti pale ufukweni mwa ziwa, Pasiansi: ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya wameshaingia nchini, na kila mwenye kiwanja atahesabu waliotua kwake. Kiwanja kitakachokutwa na ndege zaidi ya mia kitatangazwa hifadhi, na mwenyewe atahama siku hiyo hiyo kuwapisha wageni.

Agizo lilikuwa la haki kwa wote. Kwamba ndege wa kuzidi mia walikuwa kwa Paskazia tu, pale anapoanika dagaa, hilo ni la ndege wenyewe. Na kwamba hifadhi ingehitaji kituo cha watafiti chenye baa na nyama choma, ambacho ramani yake shemeji wa Mwenyekiti alishaichora, hayo ni maandalizi. Serikali isiyojiandaa ni ya nini?

Paskazia alikuwa mjane. Kiwanja kile ndicho kilichosomesha watoto wake, na aliogopa. Alikwenda kwa Mwenyekiti akamwamkia shikamoo, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa miaka mingi. Mwenyekiti akaitikia marahaba, maana cheo hakiangalii umri. Akamweleza kwamba hadi siku ya sensa ni marufuku kuanika chochote pale, wageni wasibughudhiwe.

"Dagaa wangu wataoza, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alitafakari. Ua wake ulikuwa jirani, una sakafu safi, na dagaa aliwapenda, hasa wa bure.

"Serikali haimkomoi mtu, mama. Anika kwangu. Utaniachia debe moja."

Paskazia akaanika, na ndege, ambao hawasikilizi kipaza sauti, wakafuata kitoweo.

Siku ya sensa akaja mgeni rasmi kutoka makao makuu, Bi. Kokuberwa, mtu asiyechezea kanuni. Itifaki inataka mgeni rasmi anywe chai kwa Mwenyekiti kwanza, kwa hiyo kuhesabu kukaanzia huko. Lango likafunguliwa. Ndege walikuwa juu ya dagaa, juu ya paa, juu ya tangi la maji, na mmoja juu ya gari la Mwenyekiti, akifanya kile ambacho ndege hufanya juu ya magari. Kwa Paskazia alikuwepo kuku tu, na kuku ni mwenyeji.

Rwehumbiza alijaribu kueleza kwamba hawa wanapita tu. Bi. Kokuberwa akamjibu kwamba ndivyo wageni walivyo, akamaliza chai yake, akatia sahihi hati ya hifadhi, akampongeza kwa kuwa raia wa kwanza kulitii agizo.

Jioni makochi ya Mwenyekiti yalikuwa barabarani, na wingu la mvua lilikuwa linajikusanya ziwani. Aliona aibu, kweli aliona. Akavuka hadi kwa Paskazia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Paskazia aliendelea kuchambua dagaa. "Majirani hatukomoani. Makochi yalete kwangu. Utaniachia moja."