Ombi la Kibali cha Kuzitukana Bolti za Lori Langu

Mbugangari, Gisenyi
14 Machi 1956

Kwa Mzee Muhamadi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Adabu ya Mtaa

Mheshimiwa Mzee na jirani yangu,

Salamu za heshima kwako na kwa katekista Straton, makamu wako. Kwanza nawapongeza. Tangu nizaliwe sijaona Waislamu na Wakatoliki wa mtaa huu wakikubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya mahali pa kutupa takataka. Sasa mmekubaliana kwamba Faradji, fundi wa magari, afunge mdomo. Naandika kuomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao kama ujuavyo si mwingi, kwamba mdomo huo ufunguliwe.

Lori langu limevunjika springi ya nyuma. Springi nyingine ninayo, imelala barazani kama mgeni asiyekaribishwa. Ili iingie, ile ya zamani lazima itoke, nayo imeshikiliwa na bolti nne zilizoliwa na kutu mpaka bolti na nati zimekuwa kitu kimoja. Mwenye lori wa kwanza alikuwa akibeba chumvi. Faradji amezinywesha mafuta ya taa, amezipiga nyundo, ameivisha spana bomba refu na kulining'inia kama popo. Hazikutikisika. Alikuwa amebakiza chombo kimoja tu, matusi, na hicho ndicho Kamati yako ilichomnyang'anya.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili atakayenijibu asiruke.

1. Mmemnyima fundi chombo cha kazi. Nimesoma vitabu vya ufundi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na hakuna hata kimoja kinachosema kwamba bolti iliyoshika kutu hufunguliwa kwa ukimya. Tena Faradji hatukani ovyo. Huanza na bolti yenyewe, akapanda kwa mama yake, akaenda kwenye kiwanda kilichoizaa, na kwa kawaida anapomfikia mwenye kiwanda nati huwa imeshaanza kulia. Huo ni utaratibu, Mzee, na serikali nyingi hazina utaratibu mzuri kama huo. Nikimwuliza siku hizi kazi inaendaje, ananijibu: "Mi nanyamaza, muzee, sawa vile balisema. Na bulo nayo iko nanyamaza." Bulo ndilo jina lake la bolti.

2. Maneno mliyomruhusu. Mmemwachia matatu: "Lo", "Jamani" na "Pole pole". (Nasikia "Haki ya Mungu" iliungwa mkono na Waislamu wote, ikaangushwa na katekista kwa sababu ni kiapo.) Jana nilisimama nikatazama. Faradji aliinua nyundo kubwa, akaishusha juu ya bolti, akasema, "Jamani." Ungedhani amekwenda kuihani bolti iliyofiwa. Nyundo yenyewe ilishuka kwa huruma.

3. Watoto. Mlisema mnawalinda watoto wa chuo cha Kurani, ambacho dirisha lake linatazamana na karakana. Lakini zamani watoto hao waliyasikia matusi bila kuyasikiliza, kama sisi sote tunavyolisikia ziwa. Sasa wanajipanga uani kila jioni kumkumbusha fundi.

"Fundi, umesahau ile ya mbuzi!"

"Apana, kwanza ile ya shangazi!"

Faradji anatikisa kichwa, anasema "Pole pole", nao wanamzomea. Elimu iliyokuwa ya mtu mzima mmoja sasa imehifadhiwa na darasa zima.

4. Vitabu vyangu. Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo ninapoumia. Mke wangu Saidati alikuwa akipeleka karanga soko la Mahoko kwa lori hili. Tangu lipandishwe juu ya mawe anakaa karibu na Grande Barrière, kizuizi cha mpakani, akiwauzia wanaovuka kwenda Goma kidogo kidogo, na kidogo kidogo huhitaji karatasi ya kufungia. Aliniambia mbele ya wageni: "Lori ikitembea, vitabu vinakaa. Lori ikilala, vitabu vinafunga karanga. Bon, chagua mwenyewe, baba Zubeda."

Ameanza na rafu ya juu. Juzi nilimkuta askari wa kizuizi akitafuna huku akisoma, midomo ikicheza, ukurasa wa mwanafalsafa niliyemnunua Usumbura kwa taabu kubwa. Aliniuliza kama naweza kumwomba mama auze karanga za ukurasa unaofuata, kwa sababu hoja imekatika katikati. Mzee, nimeishi miaka mingi nikitamani watu wa mji huu wasome. Sikuomba iwe hivi. Rafu ya pili haitafika soko la Mahoko lijalo. Ya tatu ni kamusi.

5. Hoja yenyewe ya Kamati haina miguu. Mnasema neno kali haliwezi kufanya kazi njema. Je, barabara ya Ruhengeri ilijengwa kwa "Jamani"? Nilikuwapo. Yule msimamizi wa Kizungu alitutukana kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho, na leo Kamati nzima inapita juu ya barabara hiyo kwa baiskeli bila kulalamika. Twende mbele zaidi. Kila Ijumaa msikitini wewe unatuita wanafiki na wavivu, na unatueleza jinsi tutakavyochomwa. Kila Jumapili katekista anawaambia watu wake hayohayo, kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa kanisa ni pana. Faradji hajawahi kuiambia bolti maneno mazito kama yale. Na mnafanya hivyo kwa nini? Kwa kuwa mnaamini neno kali litamtoa mtu mahali alipokwama miaka arobaini. Ikiwa linamtoa mnywaji pombe, mwizi na mwenye wivu, bolti ina nini?

Ikiwa halimtoi mtu, basi nyamazeni ninyi kwanza.

Kwa hiyo naiomba Kamati impe Faradji kibali cha maandishi cha kutukana kila siku tangu chuo kinapofungwa hadi alasiri. Matusi yaelekezwe kwa bolti, yasimguse mwenye lori. Wewe na katekista mhudhurie, mmoja kila upande wa springi, mumsaidie pale atakapoishiwa, maana mna uzoefu mrefu wa mioyo iliyoshika kutu.

Mkikataa, nitamwandikia Bwana Administrateur kudai sheria itumike kwa wote, na wa kwanza kuitwa mbele ya Kamati awe mlima wa moto Nyiragongo, unaonguruma usiku juu ya watoto wetu bila kibali cha mtu yeyote.

Nisalimie wake zako, wajukuu, wazee wote wa baraza, katekista na mama Mukagasana jirani yake, ambaye alilia alipomsikia Faradji lakini hakuondoka dirishani.

Ni mimi ninayekuheshimu na kukupinga,
Kadiri Hitimana, mwenye lori

Baada ya sahihi: Nilipokuwa ndani natafuta bahasha, bolti zimetoka, zote nne. Saidati alichoka kunisubiri, akabeba furushi la nakala za barua nilizowaandikia wakubwa tangu kabla ya vita, akampa Faradji azipashe bolti moto mpaka zilegee. Kuni haziingii katika upenyo mwembamba ulio kati ya springi na bolti, lakini karatasi iliyosokotwa na kuchovywa mafuta ya taa inaingia. Zimewaka vizuri sana, wanasema hawajaona karatasi kavu kama zile. Fundi hakusema neno lolote, kwa sababu moshi wa hoja zangu ulikuwa umemkaba. Kwa hiyo naliondoa ombi langu, na vitabu vilivyobaki vimepona. Ila Faradji ameingia tena chini ya lori, na anasema springi ya mbele iko vilevile, wakati nakala zimekwisha. Naisihi Kamati inikatalie kwa maandishi, kwa kirefu, na kwenye karatasi nene.