Feni Inayokula Petroli

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Mzee Zebedayo ameniita kwake. Huu ni mwezi wa tatu tangu wazee wangu wapeleke posa ya binti yake Marta, na jibu ni lile lile: bado tunasali. Kumbe shida yake ni gari. Binti mkubwa, Ruti, amejifungua huko bondeni Momba, na mkewe, Mama Tabita, anataka kumwona mjukuu. Niwapeleke Alhamisi, niwarudishe Jumamosi. Jumapili baada ya ibada nitapewa jibu, akishaona ninavyobeba watu. Alisema hivyo huku akipiga matairi teke.

Mtihani! Na hapa Ihanda mwenye gari ni nani? Mimi, Danford. Peke yangu.

Tatizo ni petroli. Tunduma nzima hakuna tone; lori lililokuwa linaileta kutoka Mbeya limevunjika ekseli. Nina debe moja. Kwenda litatosha. Kurudi, sijui. Lakini kichwa changu hakijawahi kuniangusha. (Isipokuwa ile siku ya nyuki. Na ile ya bata.)

Jumanne, 5 Oktoba

Nimegundua wezi wawili!

Wa kwanza ni kopo la baridi. Yule mzungu mpima ardhi aliyeniuzia gari aliliacha likining'inia dirishani. Unatia maji, gari likikimbia upepo unapita ndani ya kopo na kuingia umepoa. Watu hutoka hadi kijiji cha Ruanda kuja kutia pua. Leo nimelitazama vizuri. Limetokeza nje kama sikio, linapigana na upepo safari nzima. Gari linalopigana lazima linywe sana. Nimeling'oa.

Wa pili nimemkuta chini ya boneti. Feni! Mapanga manne, kutwa yanazunguka. Nani anayazungusha? Injini. Injini inakula nini? Petroli yangu! Na kazi yenyewe ni kupuliza upepo tu. Upepo, Mbozi hii isiyoishiwa upepo! Nimevua mkanda wake. Lile kopo nimelifunga mbele ya rejeta, injini ipoe yenyewe kwa adabu.

Amoni amepita na baiskeli. Ni fundi cherehani, naye anamtaka Marta. Aliuliza ule mkanda ni wa nini. Nikamwambia ni mambo ya watu wa zamani, nikampa afungie cherehani yake kwenye keria. Alishukuru sana. Maskini.

Jumatano, 6 Oktoba

Bondeni ni joto kali, na abiria wangu lazima wapoe. Nimeweka mtungi wa maji sakafuni nyuma, na gunia nimelitundika nyuma ya kiti cha mbele, ncha yake imezama mtungini. Gunia linanyonya maji, upepo wa dirishani unalipiga, baridi inaenea garini. Bila feni!

Tena gunia lina kazi ya pili. Tangu posa ifike, Mama Tabita ni mkwe. Simtazami, simsemeshi, sipiti karibu yake. Yeye akiniona njiani huingia kwenye mibuni ya watu. Sasa atakaa nyuma ya gunia, mimi mbele, heshima imetunzwa. Nani mwingine angefikiria hili? Amoni angempakia wapi, kwenye keria?

Alhamisi, 7 Oktoba

Ushindi! Tumeshuka hadi bondeni kama wafalme. Mzee alikaa mbele na mimi, akalala. Gunia lilimdondoshea maji shingoni. Alipoamka alidhani ni jasho la homa, akaomba kimoyomoyo hadi tulipofika. Petroli nimeipima kwa kijiti: haijashuka hata upana wa kidole! Ni kweli kila mteremko nilizima injini. Hilo halihusiani.

Jumamosi, 9 Oktoba

Kupanda si kama kushuka. Mtu angeniambia mapema.

Gari lilipanda polepole. Likienda polepole, upepo hauji. Katikati ya mlima rejeta ilianza kuimba kama birika, kisha ikarusha kifuniko chake porini. Mvuke! Mzee alitoka akiwa ameloa mgongo mzima. Akasema anakwenda kijiji cha juu kutafuta maji na watu wa kusukuma. Akachukua fimbo na Biblia, akaenda.

Akaniacha na mkwe wangu!

Kifuniko nilikipata kwenye miiba. Na maji yalikuwapo. Yalikuwa mtungini, miguuni pa Mama Tabita. Siwezi kumwomba. Siwezi kupenyeza mkono. Hata kuchungulia siwezi. Nilisimama juani nikakohoa. Nikakohoa tena. Mwishowe nikaliambia gari pole kwa sauti kubwa, nikasema laiti lingepata yale maji ya mtungini.

Nikamsikia Mama Tabita akimsemesha kuku aliyepewa na Ruti. Alimtuma kuku amwambie mwenye gari asubiri chuma kipoe kwanza, asije akakipasua. Nikaliambia gari lisubiri. Baadaye mtungi ukasukumwa nje, nikatia maji. Kuku akaulizwa mbona ile yenye mapanga haizunguki; ya lori la kahawa huzunguka kwa mkanda, yeye ameiona. Nikalieleza gari habari ya wizi wa petroli, taratibu, hatua kwa hatua. Kuku akaulizwa kama kwa akina Danford wote wako hivi.

Kuku hakunitetea.

Halafu mbeleko ikarushwa juu ya gunia, ile aliyombebea mjukuu. Kuku akaagizwa: mwenye gari aisokote, aizungushe palipokuwa na mkanda, afunge fundo dogo. Nilifunga. Feni ikazunguka!

Mzee tulimkuta mbele na vijana wanne na vibuyu vya maji. Aliuliza nimefanyaje. Nikasema ni utaalamu. Nyuma ya gunia mtu alikohoa, na hakuwa kuku.

Petroli iliisha tulipoliona paa la nyumba yao. Mzee alisukuma.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya ibada. Amoni alikuja mbele ya Mzee akanirudishia mkanda kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, akasema amesikia kuna mtu ana shida nao. Nyoka!

Niseme ukweli, maana haya hasomi mtu. Sikuwa nawaza gari. Nilikuwa nawaza Marta akipanda keria ya Amoni.

Mzee alisema shauri lingekuwa lake peke yake, jibu lingekuwa hapana. Lakini Mama ameona kwamba mtu anayetii hata kuku atamsikiliza na mke. Nimekubaliwa! Sharti moja: niape mbele ya wazee kwamba nikishaurudisha mkanda, sitaugusa tena wala feni yake maisha yangu. Niliapa, mkono juu. Marta alikuwa mlangoni, ameficha mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Nadhani alikuwa anacheka. Nampenda!

Jumatatu, 11 Oktoba

Mkanda nimeurudisha, kopo liko dirishani, mbeleko imefuliwa na kupelekwa. Kiapo ni kiapo. Feni sitaigusa.

Harusi ni mwezi ujao, Mbozi Mission. Nitawabeba Mzee, Mama na bibi harusi kwa gari langu, na petroli bado ya shida. Kwa hiyo leo nimelala chini ya gari kutafakari. Nimeona jambo la ajabu. Petroli inalikimbiza gari. Halafu inakuja breki, inalisimamisha! Mbio zote zile, petroli yote ile, imepotea bure. Na mtu akanyage mara ngapi kwa safari moja? Huyu ndiye mwizi mkuu.

Nimefungua za nyuma. Za mbele nitamaliza kesho. Njia ya Mission ina mteremko mmoja tu, na katika kile kiapo breki hakuna aliyezitaja.