Nyonga za Sponji na Chetezo cha Harusi

Leo nimeadhirika, shoga zangu. Tena mbele ya wanawake watupu, ambao ndio wanaotizama kweli. Simu zilikusanywa kapuni mlangoni, picha hakuna. Lakini midomo haikukusanywa, kwa hivyo nawahadithia mwenyewe kabla hamjahadithiwa na watu wa mtaa wa Mpendae, kulikokuwa na harusi.

Mnajua nimo katika kikundi cha ngoma cha Bi Mauwa, tunaocheza kwenye shughuli za harusi za wanawake. Mnajua pia kwamba mwaka wa tatu huu nnakaa nyuma napiga tari. Si kama sijui kucheza. Kiuno changu kinafuata ngoma hata nikiwa nnakosha vyombo. Tatizo ni kwamba mimi mwembamba (mwembamba wa kuulizwa kama nna homa), na Bi Mauwa anasema mbele panataka mtu mwenye nyonga.

Asubuhi akanipigia simu. Mchezaji wake mmoja wa mbele kaamka na homa, pengo lipo, nije nicheze. Niliruka kitandani. Halafu akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa: "Lakini Sabra, fanya namna. Watu hawaendi harusini kutizama ukuta."

Iliniuma. Siwafichi, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikayatizama mapaja yangu kwa muda. Halafu nikafanya namna.

Kazi yangu ni kushona mito ya viti vya hoteli hapa Mji Mkongwe. Sponji nnayo mpaka ya kutupa. Nikakata vipande viwili vinene, nikavizungusha vizuri, nikavishonea ndani ya taiti, kulia na kushoto. Nikavaa sare juu yake, nikageuka mbele ya kioo. Jamani, nilijipenda. Nilisema mashaallah kwa sauti, nisije nikajihusudu mwenyewe.

Tabu ilianza kwenye teksi. Nilikaa juu mpaka kichwa kikawa kinagusa paa. Dereva kila akinitizama kwenye kioo chake anaona kifua tu, uso haumo.

Nilipofika nikavua buibui, na sifa zikaanza. Sabra umenawiri. Sabra umependeza. Mmoja akataka kujua nimeolewa lini (sijaolewa). Nilicheka nao, lakini moyoni palikuwa na kitu kinanikera. Wanawake wale wale nimewapigia tari miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hata hali.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kuingia uwanjani, kila mchezaji anafukizwa udi. Bibi yake biharusi, Bi Zuwena, alikaa mlangoni kwenye kigoda na chetezo chake, makaa mekundu, udi wa kweli si wa kuungaunga. Unasimama juu ya chetezo, unakifunika kwa gauni, moshi unapanda mwilini. Nikatangulizwa mimi, kwa heshima ya nyonga zangu. Nikataka moshi uingie vizuri, nikajishusha kidogo. Nikajishusha tena. Mwenye nyama yake angesikia moto akaruka. Mimi sikusikia kitu. (Nilijikatia nene, sikujifanyia ubahili.)

Wenzangu walikuwa hawajafukizwa, lakini biharusi keshatoka na ngoma ikapigwa, hapana kungoja. Tukaingia. Wallahi nilicheza. Miaka mitatu yote niliimwaga pale, na vigelegele nikapigiwa.

Halafu nikasikia harufu. Godoro linaungua mahali. Mama mmoja akasema labda ni waya, mwengine akaenda kuzima friji. Bi Mauwa anaimba huku ananusa. Mimi nikajisemea, leo pilau limewashinda wapishi. Ila niligundua jambo. Nikienda kulia, wanakohoa wa kulia. Nikienda kushoto, wanakohoa wa kushoto.

Bi Zuwena ndiye aliyesema. Aliinua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Mwanangu," akanambia, "unatoka moshi nyuma."

Sikuwahi hata kugeuka. Mama yake biharusi katoka chooni na ndoo, kanimwagia yote. Moto ukazimika. Lakini sponji mnaijua kazi yake. Ilikunywa ndoo nzima, ikawa nzito, taiti ikashindwa. Nyonga zangu zikaanza kuteremka. Taratibu. Zikafika mapajani. Zikafika magotini, zikatulia hapo, na kila nikipiga hatua zinatema maji.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitaka kulia. Kusema kweli nililia, lakini nilikuwa nshalowa, hakuna aliyejua. Bi Mauwa akanionesha kwa macho kule nyuma, kwenye tari.

Nikavichomoa vile vipande, kimoja kina tundu jeusi, nikaviweka sakafuni, nikageuka niende. Bi Zuwena akanishika mkono. Akachukua khanga yake kavu, akanifunga kiunoni, fundo akalikaza mwenyewe. Kisha akamgeukia Bi Mauwa.

"Mimi nilialika mchezaji, sikualika godoro. Acheze."

Akakiinua chetezo. Akasema wale ambao hawajafukizwa waje.

Shoga zangu, hakuna aliyesogea. Mmoja kifua kinambana. Mwengine keshajifukiza kwao. Wawili wakakumbuka ghafla kwenda kuwasaidia wapishi. Bi Mauwa mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili. Bi Zuwena akawatizama mmoja mmoja, kuanzia kiunoni, halafu akakiweka chetezo chini pole pole.

Nikacheza. Mwembamba vile vile, nimelowa, gauni limenigandia mpaka mifupa inahesabika. Mwanzo nilicheza nimeinamisha macho. Kisha ngoma ikanishika, na wao wakaona kiuno kinavyofanya kazi, maana safari hii hapakuwa na sponji ya kukifunika. Hawakucheka. Biharusi mwenyewe, aliyeambiwa asiinuke kitini mpaka alishwe keki, aliinuka.

Wakati wa kuondoka Bi Mauwa akanivuta chumba cha nyuma, akafunga mlango. Nikajua basi, nnafukuzwa. Akanambia harusi ijayo nasimama mbele, na nivae nnavyotaka. Nikamshukuru, nikashika kitasa nitoke. Akanizuia.

"Ngoja," akasema, na sauti ikawa ndogo. "Nifungue pini huku nyuma. Zangu za pamba, toka saa nane zinaniwasha."

Nikamfungua. Akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye gunia la mchele, tukacheka mpaka machozi. Akanikataza nisimwambie mtu yeyote. Basi mkikutana naye, msalimieni mkimtizama machoni tu, na cheko lenu mniletee mimi, nshazoea.