Nilivyokwenda Kutafsiri Adelphi

Leo nimeaibika, wadau. Nimeaibika mbele ya bosi wangu, mbele ya mama wa watu, na mbele ya jirani wa mama huyo ambaye alikuwa anapeleka takataka tu na hakuhusika kabisa.

Kwa wasiojua: tangu nimalize chuo nimeshikizwa kwenye kampuni ndogo hapa Rockville, Marekani. Kazi yetu ni kuwapima vijana wanaocheza mpira wa Kimarekani vyuoni, kisha kuziuzia timu za kulipwa ripoti kabla hazijachagua nani wa kumsajili. Mimi ni mtu wa takwimu. Mpira wenyewe nimeujulia kwenye kanda, tena kwa kurudisha nyuma. Msimu huu tunashughulika na malinebacker, wale mabeki wanaosimama nyuma ya ukuta wa mbele, wanaomsoma mpinzani na kumwangusha kabla hajafika popote.

Leo asubuhi bosi akasimama mezani kwangu. Tumwite Walt. Ni mzee mwenye mabega mapana, alicheza zamani, na magoti yake yanalia akikaa.

"Wewe si unaongea Kiswahili?"

"Naongea."

"Na Wakongo mnaelewana?"

Hapa mtu wa kawaida angesema "kiasi." Mimi nikafikiri. Nikisema hapana, ataona sina faida. Nikisema ndiyo, nitapelekwa mahali. Nikiwa bado nafikiri, mdomo ukasema, "Kiswahili ni kimoja." (Hata mimi sikuamini.)

Tukaondoka kwenda Adelphi, mji wa jirani, na ramani niliyoichapisha kutoka mtandaoni. Njiani Walt akanieleza. Kijana anaitwa Dieudonné, mama yake ni mkimbizi kutoka Bukavu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba hayupo. Kijana ana mwili, ana mbio, ana akili. Shida ni moja.

"Kwenye kanda anasoma kila kitu sawasawa," Walt alisema. "Ila anasubiri. Kidogo tu, kama pumzi moja. Linebacker hawezi kuitisha kikao kichwani. Akifikiri, amechelewa. Nikiandika hivyo, hakuna timu itakayomchukua."

Niliangalia dirishani. Nilihisi kama nimesemwa mimi. Na papo hapo nikawa upande wa Dieudonné kwa moyo wote, kitu ambacho mkalimani hatakiwi kufanya.

Mama Dieudonné alitupokea kwa heshima kubwa. Nyumba ni ndogo, ghorofa ya pili, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe. Chai ikaja, na mandazi ya moto. Dieudonné alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho kilionekana kinaomba msaada. Kijana mpole. Alimsalimia Walt kwa Kiingereza. Mimi aliniinamishia kichwa.

"Muulize," Walt akaanza, "alipokuwa mdogo alikuwa mkorofi? Aliwapiga wenzake?"

Nikauliza. Mama akaweka kikombe chini. Akamtazama Walt, akatazama faili lake, akatazama viatu vyetu. Wageni wawili wenye faili wanauliza kama mwanawe anapiga watu. Ningekuwa na akili ningeanza kwa kumweleza tumetoka wapi. Nilidhani bosi amemweleza kwa simu. (Bosi alidhani nimemweleza mimi, pale mlangoni, wakati nilipokuwa nasifia kitasa.)

"Hapana," Mama alisema. "Huyu mutoto hajapigaka mutu hata siku moya. Kule kwa kambi, batoto bengine njo walikuwa wanamupiga yeye. Analia, anakuja kwangu."

Walt alikuwa ananingoja, kalamu juu.

Nikaiona ripoti. Nikaona wazee matajiri wenye timu wamekaa kwenye meza ndefu wanasoma: alikuwa anapigwa, analia, anakwenda kwa mama. Nikaona huyu mama anaendelea kusukuma viti vya magurudumu mpaka azeeke, kwa sababu ya sentensi moja niliyoitafsiri vizuri.

"Anasema," nikamwambia Walt, "aliwapiga watoto wote wa kambi. Wazazi walikuwa wanakuja kulalamika."

Walt akainua nyusi. Dieudonné akainua kichwa.

Ningeweza kuishia hapo.

"Kuna kitu anachokiogopa?" Walt akauliza.

"Panya," Mama alijibu bila kusita, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Vile uko unamuona mukubwa, panya akipita anapanda juu ya kiti. Mimi njo naua."

"Anamwogopa Mungu tu," nikasema.

Dieudonné alikuwa sasa ananitazama kwa namna ambayo nimeiona kwenye kanda, kabla ya mtu kuanguka. Nikajipa moyo. Watoto waliokulia huku wengi hawajui Kiswahili, wanajibu Kiingereza. Nikasahau jambo moja dogo, kwamba ili ujibu Kiingereza swali la Kiswahili, lazima uwe umelielewa.

Walt akacheka, akamgeukia Mama kwa upole. "Mwambie nimefurahi. Ndugu yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Mwambie ni vizuri sana kwamba aliwapiga wale watoto."

Kikao kikafunguliwa kichwani mwangu. Nikitafsiri, nimekwisha. Nikinyamaza, nimekwisha. Nikisema kitu kingine, kwa mfano mandazi ni matamu, je, kitatosha urefu wa sentensi yake? Nilikuwa nahesabu urefu huo Dieudonné aliposema polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Mama, muzungu anasema ni muzuri mimi napigaka batoto."

Mama akamgeukia.

"Nani alimuambia hivyo?"

Dieudonné hakunionyesha kidole. Ni kijana mwenye adabu. Aliangalia tu mandazi yangu.

"Weye," Mama akaniambia. "Weye Mutanzania. Nimekupatia chai."

"Mama, naomba nikueleze. Kwa kazi hii, kupiga watu ni sifa."

"Ni sifa?"

"Ndiyo Mama. Wanamlipa."

(Nimelifikiria jibu hili mchana kutwa. Sioni namna lingeweza kuwa baya zaidi.)

Mama akasimama. Ni mfupi, ila chumba kilijaa. "Uko mutoto wa nani, weye? Mama yako anajua uko unatembea na bazungu kwa manyumba za batu, unachafua majina ya batoto yao?" Hakungoja jibu. "Dieudonné. Mupeleke inje."

Nikaanza kufikiri. Inje maana yake nje ya sebule, au nje ya nyumba? Nimalize chai kwanza, au kuiacha ni dharau? Nilikuwa bado kwenye chai nilipogundua kwamba miguu yangu haigusi zulia.

Sikumwona akija. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake nikiwa tayari hewani. Bega lake lilikuwa chini ya mbavu zangu, mikono yake imenizunguka, na mlango ulikuwa unakuja kwa kasi. Kwenye fremu akageuka upande ili kichwa changu kisigonge. Akanisimamisha kwenye zulia dogo la mlangoni, mbele ya yule jirani na mfuko wake wa takataka. Kikombe kilikuwa bado mkononi.

"Pole, kaka," Dieudonné akasema, kwa Kiswahili safi.

Jirani akanisalimia. Nikamwitikia.

Kichwa cha Walt kikachomoza mlangoni. Nikajiandaa kufukuzwa kazi.

"Hebu rudia," akamwambia Dieudonné. "Nilikuwa natia sukari. Sikuiona miguu yako."

Hivyo ndivyo nilivyorudishwa ndani na kuketishwa pale pale kwenye kitambaa cheupe. Dieudonné akamweleza mama yake kwa lugha zote alizonazo kwamba hawa ni watu wa mpira, si polisi. Mama akakaa, akapumua, akanitazama upya, kisha akaambiwa kinachotakiwa.

"Mupeleke inje," akasema.

Mara ya pili nilijua kabisa kinachokuja na bado sikuwa nimeamua nifanye nini. Walt alichuchumaa pembeni ya kabati, magoti yakilia, akitazama viuno na nyayo. Jirani alikuwa ameshaweka mfuko chini ili atazame vizuri.

Mara ya tatu Walt hakuomba. Mama aliomba tu.

Kwenye gari nilimwomba bosi msamaha kwa kudanganya. Nikamweleza habari za meza ndefu na ripoti. Alishangaa.

"Majibu ya akina mama siyaandiki," akasema. "Kila mama ananiambia mwanawe hawezi kuua mbu. Ninachotazama ni kijana anakaaje mama yake akiongea. Kama anamkatiza, kama anamwonea aibu." Akawasha gari. "Ungeweza kutafsiri hali ya hewa, ningeondoka na kitu kile kile."

Tukiwa kwenye taa nyekundu akanipa faili nimwandikie. Akatamka: anasogea kabla neno halijaisha. Nikaandika. Hasiti. Nikaandika. Alimbeba mtu mzima hadi mlangoni bila kumgonga popote. Nikaandika, na kusema kweli nilijisikia fahari kidogo.

Walt akanitupia jicho. "Futa 'mtu mzima'," akasema. "Timu zitaelewa vibaya. Andika 'mkalimani'."

Mama amenifungia mandazi yaliyobaki, na amesema Jumapili nirudi kula, ila nije bila mdomo. Kwa hiyo mambo si mabaya. Ninachowaomba ni kimoja: msinichekeshe wiki hii. Ninyi chekeni mkitaka, ila mimi mbavu zinauma.