Ombi la Kuhamisha Njia ya Miguu Iliyoninyang'anya Mgonjwa Wangu

Kijiji cha Hovadzor,
juu ya mto Debed.

Kwa Ndugu Artavazd, Mwenyekiti,
Chama cha Njia za Miguu za Bondeni.

Ndugu Mwenyekiti,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako, na imfikie pia mama yako Shogher, ambaye tuliimba naye kwaya moja kabla hujazaliwa, yeye akiimba vizuri na mimi kwa sauti kubwa. Sikuandikii kwa ugomvi. Shule yangu ilikuwa fupi, na mkono wangu umezoea chumvi kuliko kalamu, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisogeze mwenyewe uendelee kusoma.

Mimi ni yule mama wa nyumba ya mwisho kabla ya kanisa la Mtakatifu Gevorg, mshika ufunguo. Ulipokuja na vijana wako kupaka zile alama nyekundu na nyeupe, ulikunywa kahawa kwangu ukala na asali, ukaniambia njia hii itarudisha uhai kijijini. Nikasema amina. Leo naomba amina yangu irudishwe.

Ili unielewe, lazima nikufungulie moyo kidogo. Kabla alama zenu hazijafika, mume wangu Serob alilazwa hospitali ya mjini kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alikuwa akitutazama kwa yale macho ya kuangalia pembeni. Nikaenda kwa Mtakatifu Gevorg, nikaweka paji la uso wangu kwenye jiwe la msalaba, nikamwambia: Serob akitoka hospitalini kwa miguu yake, kila mwaka siku yako nitakuchinjia kondoo dume, maadamu mume wangu anatembea. Na kondoo wa nadhiri unajua sheria yake: huchemshwa kwa maji na chumvi iliyobarikiwa, basi, hugawiwa nyumba saba, wala nyama yake haioni asubuhi ya pili.

Serob akatoka kwa miguu yake. Mtakatifu alitimiza. Kosa ni langu, kwamba sikutaja atembee hadi wapi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Alama. Kijana wako mwenye kipara aliona ukuta mzuri, akapaka. Ule ukuta ni pembe ya banda langu la kuku. Tangu siku hiyo wenye mabegi wanaifuata alama ile kama Mamajusi walivyoifuata nyota, na kama wale, wanaishia zizini. Mjerumani mmoja, mtu mzima mwenye mvi, nilimkuta amesimama katikati ya kuku na ramani mkononi, akiwauliza kwa adabu lilipo kanisa. Nilimpa kahawa, ningefanyaje. Mayai sikuwa nayo, maana kuku wangu wakiulizwa maswali hawatagi.

2. Kibao cha darajani. Kimeandikwa: Kanisa la Mtakatifu Gevorg, dakika arobaini. Dakika za nani, ndugu yangu? Mimi nikitoka darajani nafika kanisani jua limepinda, kwa sababu katikati kuna nyumba za watu, na mtu hapiti mlangoni pa mwenzake kama mbuzi. Lakini wageni wenu wamekisoma kibao. Ukiwakaribisha wanatazama saa, wanasema wamechelewa. Wamechelewa nini? Kanisa lile liliwangoja Wamongolia, litashindwa kuwangoja wao? Mama mmoja Mfaransa aliikataa kahawa yangu kwa ajili ya kibao hicho, nikamfuata na birika mpaka makaburini. Akainywa amesimama, baina ya mama mkwe wangu na shemeji yangu, na nina hakika wote wawili waliona aibu kwa niaba yangu. Kibao kiandikwe upya: Kanisa, pamoja na kahawa, nusu siku.

3. Bango la ngomeni. Bango lenu linasema ngome yetu ilibomolewa na tetemeko la ardhi. Mzee Mikayel amelipenda sana bango hilo, siku za jua huenda kusimama kando yake. Na kwa nini asilipende? Kijiji kizima kinajua kwamba ukuta ule uliondoka juu ya punda wa babu yake, jiwe baada ya jiwe, na mpaka leo nguruwe wa Mikayel wanalala chini ya tai aliyechongwa na mafundi wa mfalme. Sitaki kumwaibisha jirani. Nasema tu kwamba ni dhambi kusingizia, hata kama anayesingiziwa ni tetemeko.

4. Mume wangu. Hapa ndipo pananiuma. Daktari alisema atembee kidogo, mpaka chemchemi na kurudi. Akatembea mpaka chemchemi. Huko akakutana na watu wenye mabegi, akawasindikiza mpaka kanisani kuwafungulia, kwa ufunguo wangu. Wiki iliyofuata ikawa ngomeni. Sasa anashuka korongoni, anavuka mto, anapanda mpaka pango la mtawa ng'ambo, na anarudi jioni amechanganyika na vumbi na furaha. Mtu amempa fimbo mbili za chuma za kutembelea, naye huenda nazo hata dukani kununua kiberiti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wangu amepona kupita kiasi.

Na amekuwa mwongo. Anawaambia wageni kwamba binti mfalme alijirusha kutoka ngomeni kwa ajili ya mapenzi. Nimezaliwa kijiji hiki, binti mfalme huyo simjui. Nilipomuuliza Serob alimtoa wapi, akaniambia, "Mwanamke wee, mtu ametoka Uholanzi na begi mgongoni, amepanda mlima wote huu. Nimwambie ukuta umekwenda kuwa banda la nguruwe?" Kila wiki binti huyo anazidi kuwa mdogo, na jabali linazidi kuwa refu.

Mimi wakati huo nimekaa kibarazani na kidonge chake cha mchana kwenye kiganja. Ameshakisahau mara nyingi, nami namfuata nacho. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimefika ngomeni na magoti yangu haya, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu nilipokuwa bibi harusi. Debed unaonekana wote kule juu, unajipinda kama mkanda uliodondoka. Serob alinisogezea jiwe nikae. Lakini hilo si lalamiko, limeponyoka tu.

Jumapili iliyopita nilimkabili. Nikamwambia, "Serob, ukianguka huko, nani atakuleta nyumbani?"

"Wenye mabegi. Wana kamba."

Nikamwambia siyo mzaha. Akawa anazungusha kikombe chake. Kisha akasema, "Pale kibarazani, Varsenik, nilikuwa nakufa polepole, kwa adabu, na blanketi magotini. Kule juu nasahau."

Nikaondoa vikombe, nikatafuta kalamu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

5. Sadaka. Mwaka jana, siku ya mtakatifu, wenye mabegi walipiga mahema yao uwanjani pa kanisa, juu ya mababu zetu, ambao usiku kucha walisikilizishwa mikoromo ya lugha nne. Asubuhi harufu ya sufuria ikawatoa mahemani mmoja mmoja. Niliwagawia, ningefanyaje. Binti mmoja akasema yeye hali kitu kilichowahi kuwa na uso. Nikamwita Padri Nerses, maana jambo kama hilo halikuwamo katika mafundisho niliyopewa. Halikuwamo hata katika aliyopewa yeye. Akafikiri, akampa mkate mwembamba na chumvi iliyobarikiwa, na binti akala akasema hajawahi kula kitamu kama hicho. Ndugu Mwenyekiti, sisi tulikuwa tumechinja. Mwenzake akataka kumtupia mbwa mfupa wa sadaka, unaopaswa kuzikwa. Nilimshika mkono hewani. Akadhani namsalimia, akanikumbatia.

6. Mtakatifu mwenyewe. Nilimwomba safari moja tu, kutoka kitandani mpaka mlango wa hospitali. Yeye anamtembeza Serob kila siku, mvua na jua, hadi ng'ambo ya mto. Nachelea kwamba kondoo mmoja hamtoshi tena, na kwamba kwa sababu ya njia yenu natumia muujiza mkubwa kuliko nilioahidi kushukuru. Padri Nerses anasema mbinguni hawapimi hivyo. Lakini Padri naye siku hizi amenunua viatu vya mlimani, kwa hiyo maneno yake nayapokea kwa tahadhari.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu njia ihamishiwe ukingo wa pili wa mto. Kule wanaume wote ni wazima, hakuna atakayekosekana nyumbani. Kama njia haiwezi kwenda bila kanisa, chukueni kanisa pia, nitawapa ufunguo. Ngome isiwasumbue. Mwulizeni Mikayel, kwao wanajua inavyobebwa.

Nisalimie mama yako, mwambie bado naimba. Nisalimie mkeo, watoto, vijana wote wa ofisini, na yule mwenye kipara, ambaye kuku wangu hawamsalimii. Bwana azilinde hatua zenu, na azipunguze za mume wangu.

Ni mimi, mama yenu katika imani,

Varsenik Otaryan,
mshika ufunguo.

Baada ya kufunga barua: Gari la posta lilikwama kwenye tope, barua ikabaki mezani, na jana Padri Nerses akaja kubariki chumvi ya sikukuu. Akaniambia nitaje nyumba saba. Tukatoka nje kuhesabu nyumba kwa moshi wake, kama desturi. Mwaka jana zilitimia bila hata moja ya ziada. Sasa Aghavni amemfuata binti yake Urusi, na mlango wa Grigor una kufuli tangu theluji. Tulihesabu kuanzia juu, tukahesabu kuanzia chini, tukapata tano. Kondoo wa nyumba tano si nadhiri, ni chakula cha mchana. Nililia kidogo kwenye aproni.

Padri akatazama uwanjani pa kanisa, walipokuwa wamelala wenye mabegi. Mahema mawili. Akaniuliza kama mle ndani watu hulala. Nikasema hulala, tena kwa kelele. Akauliza kama huwasha moto. Nikasema upo moto mdogo wa gesi, wanachemshia supu ya kutia huruma.

"Basi ni nyumba," akasema. "Abrahamu hakuwa na nyingine."

Kwa hiyo naomba njia isiguswe kabla ya sikukuu. Na kwa kuwa nadhiri yangu ni ya kila mwaka maadamu Serob anatembea, na moshi wa kijiji hauongezeki, naomba isiguswe mwaka ujao pia, wala ule unaofuata. Ihamisheni mwaka ambao Serob hatahitaji kondoo. Namwomba Mungu asubuhi na jioni kwamba kazi hiyo isikukute wewe kwenye kiti hicho, iwakute wajukuu zako.

Tena, ile alama ya bandani imefifia kwa mvua, na Alhamisi watu wawili walipita moja kwa moja bila kahawa. Mtume yule kijana mwenye kipara aje aikoleze. Kuku nimeshawaambia.