Waya Chini ya Dirisha Langu

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo nimeshinda vita. Saa kumi alasiri, nimejilaza, tumbo limejaa dengu, kipaza sauti cha halmashauri kilicho kwenye nguzo mbele ya dirisha langu kikaanza kubweka. Gari la samaki limefika uwanjani. Sadini zipo. Ngisi wapo. Kisha yote tena kutoka mwanzo! Sauti ni ya Casilda, tarishi wetu, mwanamke mwema mwenye koo la kufukuzia kunguru. Nikachukua mkasi wa kupogolea mizabibu, nikainama dirishani, nikakata waya. Mitaa mingine ya kijiji chetu, Peñarrota, itaendelea kupigiwa kelele. Shauri yao. Nikalala fofofo.

Jioni mwanangu Amparo akapiga simu kutoka Zaragoza. Maneno yale yale. Ikiwa hadi Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, nyumba yangu ya wageni haijapata mgeni hata mmoja, anaifunga na kunihamishia kwake. Ghorofa ya nne, hakuna lifti, na mbwa anayevaa sweta. Nikamwambia mambo yako njiani. Mgeni wa mwisho alikuja Julai, Mbelgiji aliyepotea njia. Lakini alisifu mto wa kulalia.

Jumanne, 17 Oktoba

Mambo kweli yako njiani! Nimeyasikia baa. Jumamosi wakubwa kumi na wawili wa chama cha baiskeli za mlimani wanakuja kuijaribu njia mpya, mashambani na vijiji vya kale. Watakula na kulala kijiji kimoja. Wakipendezwa, Mei wanarudi watu mia tatu. Mia tatu! Amparo atakuja kufua mashuka kwa mikono yake.

Tatizo ni shemeji yangu Benedicta, dada wa marehemu mke wangu. Ana nyumba ya wageni Las Hoces, kijiji cha pili, vitanda vitano na mdomo mmoja mkubwa. Lazima keshawavuta kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikitoka baa nikakutana na Casilda. Akaniuliza kama nimelisikia tangazo lake la mchana. Nikajibu kwamba mimi husikia yote. Akacheka, akasema hongera. Mwanamke wa ajabu. Nimempongeza yeye pia, kwa adabu.

Jumatano, 18 Oktoba

Muuza nyama amenidhihaki mbele za watu. Ameniuliza nataka wanakondoo wangapi kwa Jumamosi! Mimi, ambaye nyumba yangu haina hata nzi! Nikamjibu kwa kiburi: wawili, na wawe wanono. Akaandika. Sikutaka kuonekana nimechukia.

Mpango wa kwanza. Nitakutana na wale wageni njiani "kwa bahati", nami nikiwa mwendesha baiskeli hodari, kisha niwaongoze hadi mlangoni kwangu. Nimeazima baiskeli ya padri. Ina gia ishirini na moja, naye anatumia mbili. Nikashuka mteremko wa viwanja vya kupuria ngano. Dakika nzima nilikuwa tai! Breki ya mbele ndiyo iliyonitupa. Nimeangukia mfereji wa maji wa Genaro, kichwa kwanza, katikati ya kabichi. Genaro akanitoa kwa kunishika mkanda, akaniuliza, "Unatafuta nini humo, Policarpo, ubatizo wa pili?" Nikamweleza kwamba napima kina.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Goti limevimba kama tikiti. Nimekaa jikoni nikiwaza. Mtu mwenye akili hahitaji magoti.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua imekatika. Nimejikokota hadi kikanisa cha Mtakatifu Roque, pale njia zinapogawanyika. Ushahidi upo wazi! Njia ya wageni imewekewa alama za tepe za rangi ya chungwa zilizofungwa kwenye milozi, na tepe zinateremka kuelekea kinu cha zamani. Bondeni ni wapi? Las Hoces, kwa Benedicta! Ni kweli kwamba ukifika kinuni unaweza kuvuka lile daraja la mawe na kupanda kuja kwetu, lakini nani anapita huko? Tangu barabara ya matrekta ichongwe, daraja lile ni la mbuzi na wapenzi. Mtu mwenye akili timamu huja Peñarrota kwa barabara ya matrekta.

Basi nao watakuja kwa barabara ya matrekta. Mpango wa pili. Rahisi, safi, hauhitaji breki.

Jumamosi, 21 Oktoba

Asubuhi. Saa kumi na mbili, ukungu mzito, nimehamisha tepe thelathini na moja. Moja moja, kwa goti hili! Nimezifunga vizuri zaidi ya aliyezifunga mwanzo. Sasa wanakondoo wawili wako tanurini, makombo ya mkate yanakaangwa kwa vitunguu saumu, vitanda kumi na viwili vimetandikwa, viwili kati yake ni meza. Aproni mpya.

Saa tano. Meya amepita akiwa amefunga tai, pamoja na Casilda, mpiga zumari na nusu ya kijiji. Wameshuka upande wa daraja la mawe. Nikadhani kuna mazishi Las Hoces, nikavua kofia. Meya akanishika bega, akaniambia, "Leo siku yako, Policarpo!" Huzuni humchanganya mtu.

Saa nane. Bado. Mlima unawachelewesha.

Saa tisa na nusu. Nyama imeanza kukauka. Genaro ameingia akicheka mpaka akashindwa kusema, ikabidi nimpe divai. Amewaona kwenye barabara ya matrekta, wote kumi na wawili, baiskeli mabegani. Baada ya mvua ya Alhamisi ule udongo mwekundu umeshika matairi, minyororo, kila kitu. Gurudumu halizunguki. Kila mkulima anajua kwamba barabara ile haipitiki kwa siku tatu baada ya mvua. Mimi si mkulima! Wamesukuma, wametukana, wamekata tamaa, wakakatiza mashamba hadi barabara ya lami. Na barabara ya lami inakwenda Las Hoces.

Saa kumi na moja. Meya amerudi bila tai. Wamesubiri darajani saa tano nzima, zumari limepigwa mpaka midomo ya mpigaji ikapasuka. Akaniuliza wageni wangu wako wapi. Nikamuuliza wageni gani. Kisha Casilda akasema, polepole, kama anayezungumza na mgonjwa: "Nilitangaza Jumanne. Mara mbili. Wanakula na kulala kwako. Tulipiga kura, sote tulikuchagua wewe."

Walinichagua. Wote. Njia ya wageni ilipitishwa darajani kwa sababu tu huko kunapendeza.

Nimekula makombo ya mkate peke yangu. Moyo unaniuma, na sisemi zaidi.

Jumapili, 22 Oktoba

Amparo amesikia kwamba wageni hawakufika, hakungoja sikukuu, amefika na maboksi. Maboksi ishirini! Ameanza na sahani za mama yake. Nilipoona ile ya maua ya bluu ikifungwa kwa gazeti, nilitoka uani nikajifanya nahesabu kuku.

Adhuhuri akaja Benedicta, nywele hazijachanwa, amechoka hoi. Amewalisha mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, wawili wakilala bafuni. Nikajiandaa kwa majivuno yake. Badala yake akamwambia Amparo amwache baba yake. Wale wageni amewaambia kwamba tepe zilihamishwa na upepo.

"Upepo wenye goti bovu, shemeji," akaniambia mimi kando. "Ukungu ulipopungua nilikuona kutoka kwenye banda la kondoo wangu. Ulikuwa unachechemea kama bata."

Amewaomba wakubwa waje Peñarrota kwa chakula cha Mei, watu mia tatu wote, kwangu. Wamesema watafikiri. Jumanne watapiga simu halmashauri, na Casilda atanijulisha. Wanataka jibu langu siku hiyohiyo kabla ya saa moja jioni, la sivyo wanakwenda mahali pengine. Amparo amekubali kusubiri hadi hapo. Jibu lisipotoka, Jumatano ananipakia kwenye gari pamoja na sahani.

Najiuliza Benedicta anapata nini katika haya. Kuna hila ndani yake, nami nitaifumbua.

Jumanne, 24 Oktoba

Siku kubwa. Nimenyoa, nimevaa shati la harusi, na tangu asubuhi mlango uko wazi ili Casilda asipate taabu ya kubisha. Habari ya watu mia tatu haitangazwi hovyo. Huletwa na mtu kwa miguu, akiwa amevua kofia.

Chakula cha mchana, maharage. Nikajilaza kidogo tu, shati mwilini.

Saa kumi kamili. Siamini! Halmashauri imetengeneza waya, bila hata kuniuliza, na kipaza sauti kinabweka upya dirishani kwangu. Gari la samaki limefika uwanjani. Sadini zipo. Ngisi wapo. Leo, leo hii, siku ninayohitaji kichwa kitulivu! Kisha Casilda akakohoa, akasema kwamba tangazo la pili ni la haraka sana, na linamhusu

Mkasi ulikuwa bado palepale kando ya kitanda. Mtu mwenye akili haweki vitu mbali.

Kimya kitamu. Nasinzia nikiandika haya. Casilda akinihitaji, mlango uko wazi.